"Inclement" linafaa kwa barabara?

Katibu_Viazi, Isyonje
Shikamooni wakubwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi huku Uporoto. Kesho asubuhi natuma ripoti ya nusu mwaka kwa mfadhili wetu wa mbegu, Mholanzi, kwa hiyo Kiingereza hakikwepeki. Mjomba wangu, aliyekuwa karani wa shamba la chai, alinipa neno "inclement", akasema ndilo la wasomi mambo yakiwa magumu. Nikalipenda, nimelitia mara tatu. "Inclement weather", ile barafu ya alfajiri ya Juni iliyobabua majani utadhani yamemwagiwa maji ya moto. "Inclement road", pale Fuso ilipolala kwenye tope juu kidogo ya Kikondo na magunia 80 mgongoni. Halafu "inclement price". Binti yangu wa kidato cha tatu kaisoma, kacheka, na hasemi anacheka nini.

Mwl_Mafinga
Marahaba katibu. Binti hajakosea kucheka. Siku hizi neno hilo halitoki kwenye hali ya hewa: mvua, upepo, baridi, basi. Asili yake ni Kilatini, "clemens", mpole, mwenye huruma. Ile "in" ya mbele inakanusha. Ukoo mmoja na jina Klementi, na "clemency" anayoombwa Rais na mfungwa. Zamani hata mtu mkatili aliweza kuitwa hivyo, leo msomaji atashtuka. Barabara andika "impassable", haipitiki. Bei, "unfavourable", au "low" kama ilikuwa ndogo tu. Ukitaka la kufunika yote matatu, "adverse conditions", ila hiyo d usiidondoshe! "Averse" ni mtu asiyependa jambo. Kuna mwanafunzi aliniandikia "averse weather", nikamuuliza, hewa haipendi nini?

Mama_Parachichi, Tukuyu
Sisi mvua haikatiki, tukianza kuitafutia majina hatutalima. Katibu, huyo Mholanzi naye Kiingereza alifundishwa darasani kama wewe. Mwambie barafu ilipiga asubuhi ngapi, gari lililala siku ngapi, magunia mangapi yalioza. Anataka hesabu huyo.

Katibu_Viazi
Ndaga fijo mama. Asubuhi 4, siku 2, magunia 11. Yote nimeyaingiza sasa hivi.
Mwalimu, nimebakiza "inclement" moja, ya barafu, mjomba asije akanuna. Barabara imekuwa "impassable", binti kanisahihishia na s ya pili. Bei nimeandika "low". Ila yule mlanguzi aliyetujazia lumbesa halafu akalipa bei ya gunia la kawaida, huyo ningemwandikia lile la zamani, la mtu.