Acheni kujumlisha mataji ya skii ya vyuo vya Marekani kana kwamba ni mashindano yale yale

Wanajamvi, salaam. Nimevumilia vya kutosha. Kila ifikapo Machi, mashindano ya skii (kuteleza kwenye theluji) ya vyuo vikuu vya Marekani yanapokaribia, orodha ile ile huanza kuzunguka: hadi 2025, Denver mataji 24, Colorado 20, Utah 16, na kuendelea mpaka chini, kana kwamba mataji hayo yote yaligombewa kwa sheria moja na watu wa aina moja. Juzi imeletwa tena humu, imetafsiriwa neno kwa neno, na wachangiaji wakaipokea kwa makofi. Nimeipitia mwaka kwa mwaka na sikuona tarakimu iliyokosewa. Ninacholalamikia ni kwamba imejumlisha vitu visivyojumlishika, na waliotupwa nje ya jumla hiyo hakuna anayewauliza.

Shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, liliandaa mashindano ya kwanza mwaka 1954 huko Nevada, karibu na mji wa Reno, na Denver wakaibuka washindi. Washiriki walikuwa wanaume watupu. Michezo ilikuwa minne: mteremko (kushuka mlima kwa kasi), slalomu (kushuka kwa kupindapinda kati ya mageti ya vijiti), mbio za masafa na kuruka kutoka kwenye mnara. Mwanafunzi mmoja aliweza kujitosa katika yote minne, na aliyefanya vizuri kuliko wenzake kwa ujumla aliitwa skimeister, neno la Kijerumani ambalo Wamarekani waliliacha lilivyo. Sasa fikirini maana ya kuruka kuwa robo ya mashindano. Kocha wa Denver, Willy Schaeffler, ambaye mwenyewe alizaliwa Ujerumani, alisajili vijana wa Kinorwe waliozoea kuruka tangu utotoni, akabeba mataji 13 kabla ya kuondoka mwaka 1970. Jirani yake wa Boulder, mji wa chuo cha Colorado, kocha Bob Beattie, aliyeipa Colorado mataji ya 1959 na 1960, alishikilia kutumia Wamarekani, na uhasama wa vyuo hivyo viwili ulikuwa mkali kweli kweli. Vijana wawili waliopita mikononi mwa Beattie, Billy Kidd na Jimmie Heuga, walitwaa fedha na shaba katika slalomu ya Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964, medali za kwanza za wanaume wa Marekani katika skii za milimani. Enzi hiyo ina utamu wake, wala sina nia ya kuidharau.

Lakini enzi hiyo ilikwisha. Mteremko uliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na slalomu kubwa. Kuruka kulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1980. Vyuo vyenye mnara wa kurukia vilikuwa vichache, kuutunza ni gharama, na mtu akianguka vibaya kutoka juu kule hainuki akacheka. Dartmouth, chuo ambacho klabu yake ya michezo ya nje ilianzishwa mwaka 1909 na kufanya skii ziwe jambo la wanafunzi wa Marekani, kilikuwa na mnara wake Hanover, mahali paitwapo Vale of Tempe, na wakati wa tamasha la majira ya baridi umati ulijipanga chini yake ukitazama watu wakipaa. Nao ulibomolewa. Kwa hiyo mtu anayelinganisha taji la 1965 na la 2015 analinganisha michezo isiyofanana, na hilo ningeweza kulimeza kama lingekuwa peke yake.

Lisilomezeka ni la wanawake. Wakati NCAA ikihesabu wanaume tu, wanawake wa vyuo walikuwa na chama chao, AIAW, kilichoanzishwa mwaka 1971, nacho kiliwaandalia mashindano ya taifa ya skii kuanzia 1977 hadi 1982. Kisha NCAA ikaanza kuandaa mashindano ya wanawake katika michezo mbalimbali, AIAW ikakosa pa kushika, ikafa. Pamoja nayo mataji yake yakafukiwa. Chukueni mwaka 1982 pekee: wanaume wa Colorado walishinda taji la NCAA, na wanawake wa Colorado hao hao, chuo kile kile, majira yale yale, wakashinda la AIAW. Katika orodha mnayoisambaza, la kaka limo, la dada halimo. Chuo chenyewe kinapojihesabia mataji kinaliweka, lakini orodha ya shirikisho inalipita kama vile siku hiyo hakukuwa na theluji. Nani kati yenu, akiwa na binti nyumbani, angemwambia kwamba ushindi wake haukuhesabiwa kwa kuwa uliandikwa kwenye daftari la ofisi nyingine?

Mwaka 1983 yalianza mashindano mengine kabisa, hata kama jina lilibaki lile lile. Wanaume na wanawake wanapanda mlima pamoja, na pointi zao zinaingia kapu moja. Timu kamili ina watu 12, sita wanaume na sita wanawake, nusu wa slalomu na slalomu kubwa, nusu wa mbio za masafa. Chuo chenye wanaume wakali na wanawake dhaifu hakiendi popote. Tukitenganisha hesabu kama inavyopaswa, kuanzia 1983 hadi 2025 Utah wana mataji 15, Denver 10, Colorado 9, Vermont 5, na Wyoming, New Mexico na Dartmouth moja moja. Yaani Denver, wanaotajwa kuwa vinara wa historia yote, walipata mataji 14 kati ya yale 24 bila kuhitaji mwanamke hata mmoja, ilhali Utah wana moja tu la namna hiyo, la 1981. Wale wa hapa jamvini mnaojua kugombana usiku kucha kuhusu kuchanganya Ligi ya Muungano na Ligi Kuu ya Bara, mbona kwenye skii mnakubali kila kitu kichanganywe?

Na msinijibu kwamba mchezo wenyewe si wetu. Tulimshangilia Philip Boit wa Kenya alipoteleza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998 wala hakuna aliyeuliza theluji imetoka wapi.

Hasira yangu ina chanzo. Miaka michache iliyopita nilijitolea kulinda mageti katika mbio za wanafunzi hapa Colorado ninapoishi. Kazi yenyewe ni kusimama pembeni ya mteremko na kadi na penseli, kwa sababu wino wa kalamu huganda, ukitazama kila mshindani kama ncha zote mbili za skii na miguu yote miwili vimepita ndani ya geti. Asiyepita unaandika namba yake na namba ya geti, ukichora alama ya alikopita. Msichana mmoja alipanda geti langu, mguu mmoja huku na mmoja kule, akasimama, akatazama chini akijua nimeshaandika, kisha akateleza taratibu hadi mwisho, machozi ndani ya miwani. Pointi zake zilikuwa zimepotea na timu nzima ililisikia pengo lake. Dakika chache baadaye msoma matangazo akasoma kwenye kipaza sauti jumla ya mataji ya vyuo "katika historia", jumla ile ile, kana kwamba wasichana waliosimama pale walikuwepo tangu 1954. Niliwaandikia waandaaji. Nilijibiwa mstari mmoja: orodha ndivyo ilivyo.

Orodha ndivyo ilivyo, sawa, ila haisemi kwamba New Mexico, mabingwa wa 2004, walifutiwa timu yao na bodi ya chuo kwa kura ya mwaka 2018. Wala haisemi kwa nini 2020 ni mstari mtupu: mbio za Bozeman, Montana, zilikuwa zimefika nusu pale korona ilipozisimamisha, washindani wakafungasha skii na kurudi makwao bila bingwa kutangazwa.

Ninachodai ni kitu chepesi. Anayeleta orodha humu aitenge mafungu matatu: wanaume wa NCAA 1954 hadi 1982, wanawake wa AIAW 1977 hadi 1982, na mseto kuanzia 1983. Taji la 1976, ambalo Colorado na Dartmouth waligawana, liandikwe kwa wote wawili. Mimi nimeshachapa ya kwangu kwenye karatasi moja, na nikiitwa tena kulinda geti, kabla sijapanda nitampelekea msoma matangazo mkononi.