AI za kuandika kodi (code) za programu, nyie mnaziamini kiasi gani?

Wakuu habari, naomba mawazo yenu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 naandika programu kwa msaada wa AI karibu kila siku na kazi inaenda mbio kweli, lakini juzi ikanipa jina la laibrari (kodi iliyoandikwa tayari na wengine ambayo unaiingiza kwenye programu yako) ambayo haipo kabisa, nimeitafuta nusu siku nzima. Nyie mnafanyaje?

Jibu 1:
Pole sana mkuu. Hiyo ya laibrari hewa ni hatari kuliko unavyodhani, maana mhuni anaweza kuangalia majina ambayo AI inapenda kubuni, akayasajili yeye mtandaoni kama laibrari za kweli na kuweka virusi ndani, we ukiinstoli bila kukagua ndo umekwisha. Modeli ya AI yenyewe inakisia neno linalofuata, haiendi kuhakiki kama kitu kipo, ndo maana inakosea huku inajiamini.

Jibu 2:
Mi naipa kazi ya kuandika testi (kodi za kupima kama programu inafanya kazi sawasawa) na kunielezea kodi ya zamani iliyoandikwa na mtu mwingine, hapo iko vizuri sana. Sehemu za paswedi na malipo naandika mwenyewe, siwezi kuiachia.

Jibu 3:
Mi nawaonea huruma wanaoanza. Mtu anajenga apu nzima hajasoma hata mstari mmoja, siku ikigoma hajui aanzie wapi, anairudishia AI ileile nayo inarekebisha hapa inaharibu kule.

Muuliza swali:
Asanteni wakuu, hiyo ya kusajili majina sikuijua kabisa, ngoja nikague laibrari zangu zote sasa hivi.