Naomba ushauri: sagaa (mgagani) za kikapu cha shamba

Habari zenu wapendwa. Niko Kisumu. Tunamlipa mkulima wa Vihiga mwanzoni mwa msimu, naye kila Jumamosi anatuletea kikapu cha alichovuna, kilimo hai kabisa. Majani yana vitundu vya wadudu, na hilo linanipa imani kuwa hayajapuliziwa dawa.

Mvua hizi ni mboga za majani tu. Mrenda na kunde hazina shida, natia munyu (maji ya majivu) kidogo zinalainika. Sagaa ndiyo kazi! Watoto wanakataa uchungu, na nikimwaga maji ya kuchemshia, vitamini C inaenda nayo. Nimezilaza kwenye maziwa usiku kucha, bado chungu. Nizichanganye na nini?

Halafu kunde za kukausha kwa ajili ya kiangazi cha Januari: mnazichemsha kwanza, au mnazianika mbichi kivulini?