Tupeane uzoefu: Ni jambo gani lililokurahisishia safari zako za baiskeli za kila siku?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze jambo moja tu, pamoja na sababu yake. Naanza mimi. Maumivu ya goti yaliyonisumbua kwa muda mrefu yalikwisha baada ya kiti kuinuliwa. Kipimo chenyewe ni rahisi: ukiwa umekaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande; kisha, unapoendesha ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Wanaoanza hupenda kiti cha chini ili miguu yote miwili ifike ardhini, na hofu hiyo ninaielewa, lakini unaposimama unatakiwa kushuka mbele ya kiti, si kuendelea kukikalia.

Mchangiaji wa kwanza
Kwangu ni gia. Hubadilisha kabla ya kuanza kupanda mlima, kwa kuwa mnyororo ulioelemewa hugoma kuhama au huruka meno.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilijifunza kuziba pancha mwenyewe baada ya fundi mmoja kuniziba tairi lile lile mara mbili kwa siku moja, kisa mwiba aliuacha ndani. Sasa huijaza tyubu upepo, nikaipitisha karibu na shavu hadi nihisi panapovuja, kisha nikailaza juu ya tairi, valvu ikiwa mahali pake, ili nione tundu linaangukia wapi. Hapo ndipo ninapoutafuta mwiba, kwa kitambaa na si kwa kidole kitupu. Kiraka nacho kinataka subira: piga msasa, paka gundi, usibandike mpaka gundi ipoteze mng'ao. Ukimaliza, jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani tairi legevu hubanwa kwenye rimu kila ukipita shimo na tyubu hutoboka.

Mchangiaji wa tatu
Nafasi. Hupita umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa, maana mlango hufunguliwa ghafla, na kamwe sijipenyezi kando ya lori linalotaka kukata kona.

Mchangiaji wa nne
Mimi ndiyo kwanza naanza. Nimeambiwa nisiguse kabisa breki ya mbele kwa sababu itanirusha. Ni kweli?

Mwanzisha mada
Ushauri huo umeenea, lakini siukubali. Ukifunga breki, uzito huhamia mbele, hivyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha, ilhali la nyuma peke yake huteleza upesi. Kinachomrusha mtu ni kuibana breki hiyo kwa ghafla mwili ukiwa umeegemea usukani. Tumia zote mbili, ukiongeza nguvu taratibu, sogeza makalio nyuma, na ufanye mazoezi kwanza mahali pakavu pasipo na magari. Palipo na mchanga au maji, punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake.