Mjadala: Je, maji yaliyo chini ya kiwanja katika jiji kubwa ni ya mwenye kiwanja?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, jiji likikua haraka kuliko mtandao wake wa mabomba, kila mwenye uwezo huchimba kisima chake kirefu na kuvuta maji apendavyo. Hoja yangu ni kwamba maji hayo ni ya wote, na kwa hiyo kila kisima kirefu kisajiliwe, kifungwe mita na kilipiwe, tukianza na viwanda, hoteli na majengo marefu.

Kinachonitia hofu zaidi ni ardhi yenyewe. Mahali penye matabaka ya udongo wa mfinyanzi, maji yaliyomo husaidia kubeba uzito wa juu; yakivutwa kupita kiasi, udongo huo hujibana, na hata mvua zikinyesha miaka mingi sehemu kubwa ya unene uliopotea hairudi. Jijini Mexico City, jiji lililojengwa juu ya ziwa lililokaushwa, mnara wa Malaika wa Uhuru ulizinduliwa mwaka 1910 ukiwa juu ya nguzo zilizokita chini sana. Ardhi iliyouzunguka ikazama, na ikabidi ziongezwe ngazi 14 ili watu waufikie. Kaskazini mwa Jakarta mitaa mizima iko chini ya usawa wa bahari, na kudidimia huko kulitajwa miongoni mwa sababu za Indonesia kutangaza, mwaka 2019, kuhamishia mji mkuu wake kisiwani Borneo.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa mada, ila naona mzigo umetwishwa asiyestahili. Watu huchimba kwa sababu bomba halijawafikia, au limefika lakini halitoi maji. Tena mjini Dhaka, nchini Bangladesh, mamlaka ya maji yenyewe hutegemea kwa kiasi kikubwa visima virefu. Mvutaji mkuu akiwa ni mamlaka, atamtoza nani? Na lami na zege zinazozuia mvua kupenya ardhini, mbona hazitozwi?

Mleta mada

Kuhusu mamlaka nakubaliana nawe kabisa: mita za kwanza zifungwe kwenye visima vyake, na takwimu zake ziwe wazi kwa umma. Hata hivyo, tabaka lenye maji halifuati mipaka ya viwanja. Pampu kubwa ya jengo moja hushusha maji ya kisima kifupi cha jirani, na jirani huyo mara nyingi ndiye asiye na uwezo wa kuchimba zaidi. Karibu na bahari hasara huwa kubwa zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi huingia pale yalipokuwa maji baridi.

Tokyo ilidhibiti visima vya viwanda kwa sheria ya mwaka 1956 na vya majengo kwa sheria ya mwaka 1962, huku viwanda vikipelekewa maji mbadala. Maji ya ardhini yalipanda tena kiasi kwamba baadaye vituo vya reli vya chini ya ardhi, vya Tokyo na Ueno, vililazimika kutiwa nanga ardhini visisukumwe juu na maji hayo. Lakini mitaa ya mashariki iliyokwisha kuzama imebaki chini ya usawa wa bahari, ikilindwa kwa kuta na pampu. Ndiyo maana siafiki kusubiri hadi mabomba yakamilike kila mtaa.

Mchangiaji wa kwanza

Basi sheria itamke kwamba pasipo na bomba linalotoa maji, kisima cha kaya kisajiliwe bila kutozwa. Bila kifungu hicho, siungi mkono.

Mleta mada

Kifungu hicho nakipokea, mradi kisihusu jengo la kupangisha lenye pampu kubwa.