Nyimbo za tekno si vipuri vya DJ! Acheni kuua muziki kwa kisingizio cha "inamiksika"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Natunga tekno, muziki wa dansi wa kielektroniki, na nimechoka kuambiwa wimbo mzuri ni ule "unaomiksika", yaani ulio rahisi kwa DJ kuuunganisha na mwingine.

"Ondoa kinanda, kitamsumbua DJ." Hilo ndilo jibu nililopewa na lebo moja (kampuni ya kutoa muziki) baada ya kusikiliza ngoma yangu. Hawakusema kinanda ni kibaya wala kimepigwa ovyo. Walichotaka ni vipimo (bar) 32 vya dramu tupu mwanzoni na vingine 32 mwishoni. Pigeni hesabu: vipimo 32 vya mapigo manne manne ni mapigo 128. Kwa kasi ya mapigo 130 kwa dakika, hiyo ni karibu dakika nzima ya dramu na matoazi kabla wimbo haujasema lolote, na dakika nyingine ya kuaga. Wimbo wa dakika sita, theluthi yake ni ya kuunganishia tu!

Najua DJ anahitaji nafasi. Besi mbili zikilia pamoja zinatibuana na ukumbi mzima unasikia uchafu, kwa hiyo lazima apate pa kutoa moja na kuingiza nyingine. Hilo lipo tangu enzi za santuri. Kinachoniudhi ni kwamba hitaji la dakika moja limegeuzwa kigezo cha kuhukumu wimbo mzima, na kila chenye melodi kinaonekana kizuizi.

Wanasema melodi zitagongana. Ni kweli, funguo za muziki (key, yaani kundi la noti ambalo wimbo umejengwa juu yake) zisizoendana zikikutana masikio yanaumia. Kwenye santuri ukiongeza kasi kwa asilimia 6 hivi, wimbo unapanda nusu toni nzima, kwa hiyo hata nyimbo zilizokuwa zinapatana zinaweza kuachana. Lakini dawa iko mikononi mwa DJ: achague wimbo wa ufunguo wa karibu, apunguze sauti za kati kwenye mikseri, asubiri melodi ipumzike, au akate haraka aingie kwingine. Jeff Mills, DJ wa tekno kutoka Detroit, Marekani, alijulikana kwa kuendesha santuri tatu kwa wakati mmoja, tena akizibadilisha haraka haraka, na mashine hazikuwa zinamlinganishia mapigo. Leo programu inashikilia ufunguo hata kasi ikibadilika, inachora mawimbi ya sauti kwenye skrini na kulinganisha mapigo kwa kitufe kimoja. DJ amerahisishiwa hivyo, halafu anayeambiwa apunguze ni mtunzi? Kwa nini?

Na msiniambie tekno ndivyo ilivyo. Mwaka 1987 Derrick May wa Detroit alitoa "Strings of Life", wimbo wa kinanda na nyuzi usio na besi kabisa. Kwa vigezo vya hao waliokataa wangu, ule nao ungerudishwa ukarekebishwe. Madj waliupiga kwa sababu watu walipagawa nao, wakajifunza namna ya kuuingiza na kuutoa.

Pia msinielewe vibaya, sidai kila wimbo ujazwe melodi. Robert Hood, prodyuza wa tekno wa Detroit, alibakisha vitu vichache mno kwenye rekodi yake "Minimal Nation" ya 1994, na ni muziki wa kweli! Noti tatu zinazozunguka juu ya mapigo manne hazitui mahali palepale kila mara, na ukifungua polepole chujio la sintesaiza (kinachozuia au kupitisha baadhi ya sauti), lupu ileile, yaani kipande kinachojirudia, inabadilika sura. Uchache wa namna hiyo umefikiriwa na mtu. Ninachopinga ni lupu iliyonakiliwa dakika sita bila wazo lolote, kisha ikauzwa kwa sifa moja tu kwamba haimsumbui DJ.

Anayetaka utangulizi mrefu autengeneze mwenyewe. Pleya za kisasa zinatengeneza lupu papo hapo: shika vipimo vinne vya dramu, virudie utakavyo, kisha uachie wimbo uende. Lebo nazo zinaweza kutoa matoleo mawili, la kusikiliza na la kumiksi, bila kumlazimisha mtu afute kazi yake.

Maprodyuza mliomo humu, nyinyi mmeambiwa muondoe nini? Na madj, semeni wazi: kinanda kinawashinda wapi hasa?