Sapavaiza kazungushia "anasema" zangu zote kalamu nyekundu, nifanyeje?

mwana_uzamili
Wakuu habari za jioni, naomba msaada, niko chapta ya pili ya tasnifu, mapitio ya maandiko, naandika kwa Kiswahili na chuo kinataka APA, ule mtindo wa kutaja vyanzo na marejeleo. Sapavaiza kanirudishia kurasa 6, kila penye "anasema" pana duara jekundu, pembeni kaandika tu "na wewe unasemaje?" Mstari wangu mmoja uko hivi: "Kwa mujibu wa Fulani (2012) anasema kwamba methali hufunza jamii." Jina liko, mwaka upo, sasa kosa lipi jamani, siku ya pili leo sijalala vizuri.

Bakari wa Tanga
Pole dada. Kwanza hapo msemaji umemtaja mara mbili, ukishaandika "kwa mujibu wa Fulani" hiyo "anasema" ya nini tena? Chagua moja. Hili kosa limezagaa mno kwenye tasnifu mpaka watu wanadhani ndiyo sarufi.

Halafu kitenzi. Huyo mtu alifanya nini hasa? Kama alizipanga methali kwa makundi basi "anaainisha", kama anabishana na mwenzake "anapinga", kama kakubali upungufu wa kazi yake "anakiri". Na "anadai" uwe nayo makini sana, ukiandika "Fulani anadai Tanganyika ilipata uhuru 1961" msomaji atauliza kwani nani kabisha? Dai ni jambo linalosubiri ushahidi, ukilileta lipime hapohapo usiliache linaning'inia.

Mama Kauthar
APA toleo la 7 waandishi wakiwa watatu au zaidi unaandika wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza, ukinukuu neno kwa neno weka na ukurasa, maneno yakifika 40 yanakaa aya yake bila alama za kunukuu.

Ila mdogo wangu, kilichonitesa mimi ni kingine: aya inaanza na jina la mtu, sentensi nne zinafuata, msomaji hajui huyo mtu kaishia wapi na mimi nimeanzia wapi. Sapavaiza wangu alinipa kalamu akaniambia pigia mstari sentensi zako mwenyewe, nikapata moja. Moja aya nzima! Tangu siku hiyo nikimaliza ya mtu naanza sentensi mpya, "Hata hivyo, maelezo haya..."

mwana_uzamili
Mungu awabariki. Nimejaribu: "Fulani (2012) anaainisha methali za kilimo kwa kuangalia maudhui. Uainishaji huo unaonyesha kinachofundishwa, lakini hauonyeshi nani anamwambia nani, na hilo ndilo utafiti huu unalolichunguza." Na wale wazee niliowahoji kijijini niwaandike kama mawasiliano binafsi?

Bakari wa Tanga
Hapo sasa na wewe umesema! Wazee hapana, hao ni watoa taarifa wako, yao ni data, waeleze kwenye methodolojia na uwape majina bandia. Mawasiliano binafsi ni kama profesa kakujibu swali kwa barua pepe, hiyo unaitaja ndani ya matini na tarehe yake kamili, kwenye marejeleo haiingii.